Maji hurudi yenyewe, rutuba hairudi

Fungu la mchicha lililokatwa alfajiri bondeni Msimbazi na kufika soko la Ilala kabla jua halijakolea limekusanya vitu vya asili tatu tofauti. Maji yake, ambayo ni karibu sehemu tisa katika kumi za uzito wa fungu zima, yalikuwa Bahari ya Hindi si zamani. Naitrojeni inayoyapa majani ukijani ilikuwa hewani, ikashushwa ardhini na bakteria, na radi au na kiwanda cha mbolea. Fosforasi yake ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe. Vitatu hivi vimekutana kwenye jani moja, vitaliwa pamoja na ugali mchana, na kufikia usiku vitakuwa vimeshaanza kuachana. Maji yatatoka kwa jasho na mkojo, naitrojeni sehemu kubwa kwa mkojo, fosforasi itagawanyika kati ya mkojo na choo. Baada ya hapo kila kimoja kina njia yake, na njia hizo hazifanani hata kidogo.

Wengi wetu tulitoka shule ya msingi na mchoro mmoja kichwani: bahari, jua, wingu, mlima, mto, na mishale inayozunguka. Kwa maji, mchoro ule ni wa kweli. Lakini tumeuchukua tukauvisha kila kitu, tukaamini kwamba chochote kinachotoka ardhini kitarudi chenyewe kwa kuwa dunia imeumbwa hivyo. Kwa jiji ambalo sensa ya 2022 ililikuta na watu 5,383,728, na kila mmoja anakula na kwenda chooni, imani hiyo ni ya hatari. Nataka tuzifuate hizi safari moja moja, kuanzia juu Uluguru mpaka kwenye tope la mikoko chini ya Daraja la Salenda.

Safari ya maji

Karibu asilimia 97 ya maji yote ya dunia yako baharini. Jua linapoipasha joto ngozi ya bahari, maji hupanda yakiwa mvuke na chumvi hubaki, ndiyo sababu mvua ni maji baridi ingawa mama yake ni wa chumvi. Mvuke haukai sana huko juu. Kwa wastani ni kama siku tisa, kisha hushuka tena mahali fulani kama mvua. Kwa hiyo mvua inayokunyeshea Kimara mwezi wa nne inawezekana kabisa ilikuwa maji ya bahari wiki iliyotangulia.

Dar hupata mvua yake upepo unapobadilika. Kaskazi inapoishiwa nguvu na kusi kuanza kuingia, ukanda wa mvua unaofuata jua hupita juu yetu, nasi tunapata masika, kati ya Machi na Mei. Unaporudi kuelekea kusini tunapata vuli, Oktoba hadi Desemba. Jumla kwa mwaka ni milimita 1,100 hivi. Si haba, lakini si mvua hiyo inayojaza matangi yetu. Maji ya bombani ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yananyesha mkoa mwingine kabisa.

Hewa yenye unyevu kutoka baharini husafiri bara hadi inapogonga milima ya Uluguru, Morogoro, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600. Haina pa kupita ila juu. Inapopanda inapoa, na hewa iliyopoa haiwezi kushikilia mvuke mwingi, basi unashuka. Ndiyo maana miteremko ya mashariki, upande wa Matombo na Kinole, hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua yetu huku pwani, wakati upande wa magharibi hubaki na mvua pungufu sana. Vijito vya huko hukusanyika vikawa Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoilisha mitambo miwili ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam: Ruvu Juu kule Mlandizi, wenye uwezo wa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, lita milioni 270. Vuli ilipochelewa mwaka 2021 na mto ukapungua, mgao ukaanza, maboza yakapata kazi na dumu likapanda bei. Mtu wa Tabata alikuwa analipia mvua iliyokosekana Matombo.

Sasa, kuhusu msitu. Tumezoea kuambiwa kwamba miti huleta maji, na kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Mti hunywa. Mizizi huvuta maji, majani huyatoa kama mvuke, na duniani kote karibu asilimia 60 ya mvua inayonyesha nchi kavu hurudi hewani kwa njia hii na kwa kukauka kwa udongo. Ukikata msitu wote leo, mto utaongezeka maji kwa jumla ya mwaka. Ila yataongezeka wakati usioyataka. Chini ya msitu tone huangukia jani, kisha takataka za majani, kisha udongo uliotobolewa na mizizi na mchwa. Huzama polepole na kutokea chemchemini wiki au miezi mingi baadaye. Hayo ndiyo maji ya Ruvu ya Agosti na Septemba, wakati hakuna mvua hata ya dawa. Mteremko ukiwa mtupu, maji ya Aprili huteremka yote Aprili, yakiwa na tope, yanapita mbele ya mitambo yetu na kuingia baharini, na Oktoba mto unabaki na mchanga. Kinachofanywa na msitu kwa jiji hili ni kutunza maji ya masika hadi kiangazi. Kazi hiyo ni kubwa kuliko kuleta mvua, na inasikitisha kwamba haizungumzwi inavyostahili.

Mahali maji na rutuba vinapokutana

Huko New Hampshire, Marekani, kuna bonde dogo la msitu linaloitwa Hubbard Brook ambako mwishoni mwa 1965 watafiti walikata miti yote katika sehemu moja ya bonde, wakaiacha ilale pale pale, na kwa miaka iliyofuata wakapulizia dawa ili chochote kisiote. Walikuwa wanapima maji ya kijito kinachotoka hapo. Mwaka wa kwanza maji yaliongezeka kwa karibu asilimia 40, jambo ambalo tumeshalielewa. Lililoshtua ni naitreti, ile hali ya naitrojeni ambayo mimea huinywa: ilipanda kijitoni kwa zaidi ya mara 40. Hakuna aliyekuwa amebeba gogo hata moja kutoka pale. Rutuba iliondoka yenyewe, imeyeyuka ndani ya maji, kwa sababu hapakuwa tena na mizizi ya kuidaka.

Kwangu mimi hili ndilo jambo kuu katika mada yote. Maji ni mbebaji, na kitu pekee kinachozuia yasibebe kila kitu ni viumbe hai vinavyodaka virutubisho kabla havijafika mtoni. Msitu wa Uluguru umesimama juu ya udongo mwekundu ambao wenyewe si tajiri kama unavyoonekana. Mali iko kwenye miti na kwenye takataka za majani. Kabla jani halijaanguka, mti huwa umeshalinyonya sehemu ya naitrojeni na fosforasi na kuzirudisha kwenye tawi. Jani likianguka, mchwa, fangasi na bakteria hulifumua, na nyuzi za fangasi zilizoshikana na mizizi hupeleka fosforasi moja kwa moja mtini. Kinachopotea kwa kijito ni kidogo mno.

Akina mama wa mtaani wanaujua utaratibu huu kwa jina la upatu. Kila mwanachama hutoa, kila mmoja hupokea kwa zamu, na mfuko haupungui kwa sababu hakuna anayechukua akahama. Msitu hucheza upatu wa namna hiyo kwa karne nyingi. Kisha anaingia mwanachama mpya, jiji, anayepokea kila zamu na hatoi.

Tazama gunia la mahindi la kilo 100. Ndani yake kuna kama kilo moja na nusu ya naitrojeni na karibu robo kilo ya fosforasi. Ndizi, viazi, mchele, maharage, vyote vinavyoshushwa Mabibo, Tandale na Kariakoo vina hesabu yake. Kila lori linaloingia Dar limebeba kipande cha udongo wa mahali fulani: Kagera, Mbeya, Njombe, Morogoro. Mtoto anayekua hubakiza kidogo mwilini kwa ajili ya mifupa na misuli. Mtu mzima habakizi. Anachokula ndicho anachotoa, gramu kwa gramu, siku baada ya siku. Kwa hiyo rutuba ya nusu ya nchi inaishia kwenye vyoo vya Dar es Salaam, na mkulima aliyeipeleka analazimika kununua mfuko wa mbolea ya DAP wa kupandia na urea ya kukuzia ili kuziba pengo.

Huko Uluguru kuna na moto. Anayechoma shamba kabla ya kupanda hupata mavuno mazuri msimu wa kwanza kwa kuwa majivu yana potasiamu na fosforasi. Naitrojeni lakini imepanda na moshi. Na majivu yakikutwa na mvua ya kwanza kwenye mteremko mkali kabla mbegu haijatoa mizizi, nayo yanateremka na tope hadi Ruvu.

Naitrojeni ikifika mchangani

Naitrojeni ina mlango wa kurudia ambao fosforasi haina, kwa hiyo tuimalize hiyo kwanza. Asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, ila atomu zake zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Radi huivunja kidogo. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, mbaazi na maharage huivunja kwa wingi. Ng'oa mkunde ulio shambani, pasua kinundu, ukikikuta chekundu ndani ujue kazi inaendelea. Na tangu Fritz Haber alipoonyesha mwaka 1909 namna ya kuunganisha naitrojeni ya hewani na haidrojeni kupata amonia, na Carl Bosch akaigeuza njia hiyo kuwa kiwanda pale Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, binadamu naye anaivunja. Inakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wanalishwa na mavuno yatokanayo na mbolea hiyo.

Kuirudisha hewani ni kazi ya bakteria wengine, wanaoishi mahali pasipo oksijeni. Wao, wakikosa oksijeni, hutumia ile ya kwenye naitreti, na naitrojeni hubaki huru na kupanda juu. Mzunguko umekamilika. Kwa sharti moja: naitreti ifike mahali penye tope zito, lenye giza na mabaki ya mimea. Isipofika huko, inatangatanga.

Na hapa Dar inatangatanga sana, kwa sababu jiji kubwa namna hii limekalia mchanga na linatumia vyoo vya shimo. Mkojo ukiingia shimoni hubadilika kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayochoma pua. Majimaji yakivujia kwenye mchanga wenye hewa, bakteria huigeuza amonia kuwa naitreti. Naitreti ina chaji hasi; chembe za udongo nazo kwa kawaida zina chaji hasi. Hazishikani. Naitreti husafiri na maji kwenda chini hadi kwenye maji ya ardhini, na maji ya ardhini ndiyo yanayovutwa na kisima cha jirani, kilicho hatua chache kutoka ukutani.

Hili nataka lisomwe polepole na kila mzazi anayetegemea kisima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaochanganyiwa maziwa ya kopo, kwa kuwa naitreti nyingi huizuia damu yao kubeba oksijeni na mtoto hubadilika rangi akawa wa bluu mdomoni na kwenye kucha. Kuchemsha maji kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na mtu asiache kuchemsha. Lakini kuchemsha hakuondoi naitreti. Maji yakipungua sufuriani, naitreti inabaki ile ile ndani ya maji machache zaidi, yaani inakolea. Haina rangi, harufu wala ladha ya kukuonya. Dawa ni kupima kisima maabara, na kama kimezidi, mtoto atengenezewe maziwa kwa maji mengine.

Visima vya karibu na pwani vina shida nyingine, ya chumvi: tukivuta kwa kasi kuliko mvua inavyojaza, bahari husogea chini kwa chini kuchukua nafasi. Mvua nayo ina nafasi ndogo ya kuzama kila kiwanja kinapomwagiwa zege.

Tope la Msimbazi

Fosforasi haifanyi kama naitreti. Yenyewe hung'ang'ania. Ikikutana na udongo wenye madini ya chuma na aluminiamu, hushikamana nayo kiasi kwamba hata mzizi hupata taabu kuibandua, ndiyo maana mkulima anaweza kuwa na fosforasi nyingi shambani na mahindi bado yakawa na majani ya zambarau kwa njaa ya fosforasi. Haiendi popote mpaka udongo wenyewe uende.

Udongo huenda wakati wa mafuriko. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini Salenda. Mvua kubwa ikishuka, kama ile ya Desemba 2011 iliyoua watu na kuwahamisha wengi kutoka mabondeni, mto huo hubeba kingo zake, takataka za masoko, maji ya machinjio, na vyoo. Maana ipo desturi tunayoijua sote na tunaisema kwa sauti ya chini: kutapisha. Shimo likijaa na gari la majitaka likiwa ghali au haliwezi kupita kichochoroni, watu husubiri mvua kubwa, wakatoboa, na mtaro ukabeba. Sisemi hivyo kwa kumlaumu aliyepanga chumba bonde la Mkwajuni. Kama njia ya halali inagharimu pesa asizokuwa nazo, mvua itafanya kazi hiyo. Lakini kipindupindu kilicholipuka jijini Agosti 2015 na kuenea nchini hakikutokea hewani.

Sehemu ya mzigo huo hukutana na mikoko. Pale Salenda, na kwenye mkono wa bahari wa Mtoni wanapoishia Kizinga na Mzinga, na Kunduchi, mchu na mkandaa zimesimama kwenye tope jeusi lenye harufu ya mayai viza. Harufu hiyo huwaudhi wapita njia, nami kila nikiisikia nafurahi, kwa kuwa ni ushahidi kwamba chini pale hakuna oksijeni, na pasipo oksijeni ndipo bakteria wanaporudisha naitrojeni hewani. Mizizi hupunguza kasi ya maji, tope hutua, na fosforasi iliyoshikamana nalo hutua pia, ikawa chakula cha mikoko, kaa na kamba wadogo. Kipande cha mikoko kinafanya bila malipo kazi ambayo mtambo wa majitaka unaifanya kwa mabilioni. Uwezo wake lakini una mwisho. Delta ya Rufiji, yenye mikoko mingi kuliko mahali popote Afrika Mashariki, inaweza kupokea mto mkubwa. Ukanda mwembamba wa Salenda hauwezi kulimeza jiji zima.

Kinachobaki hufika baharini. Bahari ya tropiki ina maji maangavu kwa sababu ni maskini wa virutubisho, na matumbawe yamezoea umaskini huo. Ukiyaongezea naitrojeni na fosforasi, mwani hukua haraka kuliko matumbawe na kuyafunika. Vijimea vya majini huongezeka, hufa, huoza, na kuoza kunakula oksijeni ya samaki. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimo ndani ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam tangu 1975, lakini mpaka wa hifadhi hausomwi na maji.

Ndege wa Minjingu na dagaa wa Feri

Tuulize sasa: fosforasi iliyoingia baharini inarudije nchi kavu? Haipandi na mvuke. Haina hali ya gesi ya kuzungumzia. Njia yake ya kawaida ni kuzama, kuwa mwamba, na kusubiri mamilioni ya miaka ardhi iinuke. Zaidi ya hapo inarudi kwa miguu na mabawa ya viumbe.

Tanzania ina ushahidi mzuri wa hili. Minjingu, mkoani Manyara, kuna mlima wa fosfeti, yaani mwamba wenye fosforasi, unaochimbwa kutengeneza mbolea. Zamani pale palikuwa kisiwa au ufukwe wa ziwa lililokuwa kubwa kuliko Ziwa Manyara la leo, na ndege wanaokula samaki walitua hapo vizazi na vizazi, wakala samaki na kuacha vinyesi na mifupa. Walichokuwa wanafanya, bila kujua, ni kuivua fosforasi kutoka majini na kuiweka nchi kavu. Leo mkulima wa Babati anaipata kwenye mfuko. Sehemu kubwa ya akiba ya dunia iliyobaki, karibu asilimia 70, iko Moroko na Sahara Magharibi, na nchi isiyo na jiwe lake hununua.

Wavuvi wanaoteremsha samaki Feri usiku wa manane wanafanya kazi ile ile ya ndege wa Minjingu. Dagaa wakisagwa na kuchanganywa na pumba wakawa chakula cha kuku Gongo la Mboto, na mbolea ya kuku ikanunuliwa na mkulima wa mboga wa Msimbazi, fosforasi ya majini imepanda nchi kavu na kuingia tena kwenye sahani. Hakuna ofisi iliyopanga hilo. Wafanyabiashara wadogo wameunda kipande cha mzunguko ambacho asili ingekichukulia zama na zama.

Kwa nini basi nisiseme tulime mboga nyingi zaidi Msimbazi, mto ukiwa umejaa mbolea ya bure? Kwa sababu ya kuchanganya. Kinyesi kibichi kina mayai ya minyoo yanayoweza kuishi udongoni kwa miezi, na mto huo huo hupokea maji ya viwandani na gereji yenye metali nzito kama risasi, ambazo mchicha huzinywa pamoja na chakula chake. Rutuba ikishachanganyika na risasi, hakuna anayeweza kuitenganisha kwa bei ya mchicha. Dampo la Pugu Kinyamwezi lina tatizo la aina hiyo: ganda la ndizi lililokuwa mboji tosha limelala na betri na kioo kilichovunjika.

Palipotenganishwa mapema, inawezekana. Mabwepande, Kinondoni, kuna mtambo wa mboji unaopokea taka za masokoni, uliojengwa kwa ushirikiano wa manispaa na jiji la Hamburg. Taka zinafika zikiwa mabaki ya matunda na mboga, zinarundikwa, zinageuzwa, joto la kuoza linaua vijidudu, na kinachotoka kinaweza kwenda shambani. Kinyesi nacho kinaweza kutibiwa hivyo, kikikaushwa na kuchanganywa na takataka za mimea na kuachwa kikapata joto la kutosha kwa muda wa kutosha, ilimradi choo hakikutumika kama jalala la vitambaa na chupa.

Ila niseme na kikomo cha jambo hili, maana nimeona linavyopambwa. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mboji yenye naitrojeni kiasi hicho huenda ikafika tani mbili. Hakuna mkulima wa Matombo atakayelipia lori lipandishe tani mbili za mboji kutoka Mabwepande. Mboji ya Dar ina nafasi yake Kisarawe, Mkuranga, Bagamoyo na kwenye bustani za jijini, ambako umbali hauimezi faida. Deni letu kwa Uluguru itabidi tulilipe kwa kitu kingine chepesi kubebeka, na hicho ni fedha.

Hilo lilishajaribiwa. Mwaka 1955 Waluguru walikataa matuta ya lazima ya serikali ya kikoloni, ghasia zikatokea, mpango ukaachwa. Miaka hamsini na kitu baadaye, katika kata ya Kibungo Juu, wakulima wa vyanzo vya Ruvu walilipwa ili wachimbe matuta, wapande miti na kuacha sehemu ya mteremko ipumzike, na shirika la maji la Dar la wakati huo lilikuwa miongoni mwa waliokubali kuchangia kama mnufaika wa chini ya mto. Matuta yale ambayo babu zao waliyakataa kwa amri, wao waliyachimba kwa mkataba. Ulikuwa mpango mdogo, wa kata moja na miaka michache. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na kwa mtu mwenye ekari moja mteremkoni, mita 60 zinaweza kuwa shamba lake lote. Anayefunga bomba Sinza baada ya kujaza ndoo yake ana bili yenye mistari kadhaa. Mstari mmoja zaidi, wa kiasi kidogo, unaokwenda moja kwa moja kwa yule aliyeacha mita zake 60 ziote majani, ungemgharimu chini ya dumu moja la boza.